Fuata Moshi Kwanza: Kulifufua Jiko la Uani kwa Pesa Kidogo

Nyumba za zamani za Kariakoo, zile za vyumba sita na korido katikati, zina jiko uani, na jiko hilo mara nyingi halijaguswa tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Unalijua: ukuta mweusi tii kwa masizi, jukwaa la matofali lenye mashimo mawili matatu ya mkaa, bati lililotoboka, na kidirisha alichokiziba mpangaji fulani ili apate pa kutundika masufuria. Ukipita mitaa ya Narung'ombe, Mafia au Likoma utaziona nyumba hizi bado zimebanana katikati ya maghorofa. Mwenye nyumba anasubiri mtu wa kujenga naye ghorofa, kwa hiyo hatoi hata ndoo ya mchanga. Mpangaji naye anajiambia kwamba atahama. Miaka inakwenda, watu wanapika humo kila siku, macho yanawawasha.

Nawaandikia ninyi mnaopika humo leo. Jiko la namna hii linaweza kubadilika kwa pesa ya mpangaji wa kawaida, bila kubomoa nyumba, ilimradi pesa itoke kwa mpangilio. Wengi huanza na kinachoonekana: rangi, marumaru, jiko jipya linalong'aa. Mimi nasema anza na hewa. Moshi ukipata njia ya kutoka, kila shilingi utakayotumia baadaye itadumu. Usipoipata, rangi uliyopaka kwa ajili ya Idi hii itakuwa nyeusi kabla ya Ramadhani nyingine.

Kujua hewa inakwendaje hakuhitaji fundi. Chukua chetezo, tia ubani, ukifukize pale pale panapopikiwa, kisha simama utazame. Moshi ukipanda na kupinda kuelekea mlangoni, basi mlango ndio dohani yenu, na kila anayesimama pale kupokea sahani anauvuta wote. Ukikusanyika chini ya bati halafu ukashuka taratibu ukutani, hakuna tundu la juu. Ukizunguka pale pale kama uliopotea, hewa haiingii, sembuse kutoka. Rudia asubuhi na jioni, maana upepo wa bahari wa mchana si utulivu wa alfajiri. Kumbuka pia misimu: kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, kaskazi huja karibu Novemba na kukaa mpaka Machi. Tundu linalotoa moshi vizuri mwezi wa saba linaweza kuurudisha ndani mwezi wa kwanza.

Kwa anayetaka kuona kanuni hii imefanywa kwa ukubwa wake, soko kuu la Kariakoo liko hapo hapo jirani. Msanifu majengo Beda Amuli alilichora, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege lina maumbo makubwa ya faneli yanayokinga maji ya mvua huku yakiacha hewa ipite juu ya vichwa vya watu. Banda lako la hatua tatu kwa nne linataka jambo lile lile: hewa ya baridi iingie chini, ya moto itokee juu, na matundu hayo mawili yawe pande tofauti ili hewa ilazimike kupita kwenye moto.

Tundu la juu ndilo la bei nafuu kuliko vitu vyote nitakavyovitaja hapa. Fundi anang'oa misumari ya bati upande mmoja, anaweka vipande vya mbao juu ya mtambaapanya, anarudisha bati likiwa limenyanyuka shubiri moja. Kazi ya nusu siku. Upande unaonyanyuliwa uwe ule usiopigwa na mvua za masika, na bati lizidi ukuta kidogo ili maji yasirudi. Kwa chini, fungua kile kidirisha kilichozibwa au toa matofali mawili karibu na sakafu, mkabala na moto, ukaweke wavu wa kuzuia panya. Usisahau wavu. Kariakoo panya hakaribishwi, anajikaribisha.

Lakini kabla ya kutoa hata tofali moja, zungumza na mwenye nyumba, na umwulize fundi ukuta ule umebeba nini. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, kugusa ukuta kimyakimya si jambo la kufanya, hata kama ni kibanda cha uani. Na mazungumzo hayo yana faida nyingine nitakayoirudia.

Kama nyumba yenu bado inatumia kuni, au mnawasha mkaa kwa vifuu na makumbi, tundu la bati halitatosha. Hapo panahitajika kofia ya bati juu ya jukwaa na bomba la kutolea moshi. Bomba lipande wima, lisipindepinde, na lizidi kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi kidogo. Likiishia chini ya kilele, upepo unaoruka paa unausukuma moshi urudi ulikotoka. Mahali linapopita kwenye paa, liwe mbali na mbao kwa shubiri nzima. Na hili mwambie fundi bati waziwazi: bati la kuezekea lililopakwa zinki lisitumike pale ndimi za moto zinapofika. Zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaodhuru. Sehemu ya chini iwe chuma cheusi, bati lianzie juu kwenye moshi uliokwisha poa.

Kuna jambo la hewa ambalo halionekani kwa ubani wala kwa macho. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na kwa sababu hiyo watu huuamini. Wakati wa masika wanauingiza kwenye korido, wengine chumbani, wanafunga mlango. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini bila hata kukohoa. Ndiyo maana nasisitiza banda liezekwe vizuri na lisivuje: bati zima la uani ni kinga ya uhai, kwa sababu linaondoa sababu ya kubeba jiko kuliingiza ndani.

Hewa ikishakaa sawa, njoo kwenye jukwaa lenyewe. Piga matofali ya mashimo kwa ukingo wa mwiko usikilize. Yanayotoa sauti kavu ni mazima. Yanayotoa sauti ya kifusi yameungua. Angalia pia kama waliojenga walichanganya mawe ya matumbawe, maana majengo mengi ya zamani ya pwani yametumia mawe hayo. Jiwe la matumbawe halifai kabisa kushika moto. Chokaa ya pwani ilipatikana hivyo hivyo, kwa kuyachoma matumbawe kwenye tanuu. Kwa hiyo jiwe lililo ndani ya shimo lako la mkaa linageuka chokaa polepole, siku sufuria ikifurika linanyonya maji na kubomoka. Litoe, weka tofali la udongo la kuchoma.

Kosa jingine la kawaida ni kuziba nyufa kwa saruji. Inaonekana imara, inalainishwa vizuri, na wiki ya pili inapasuka vipande. Saruji hushika kwa maji yaliyofungwa ndani yake, na moto unapoyafukuza maji hayo nguvu yake inakwisha. Kinachofaa ni udongo wa mfinyanzi, na ukipata wa kichuguu ni bora zaidi kwa sababu mchwa wameshauchuja na kuushikamanisha. Mjini haupo, lakini mtu yeyote mwenye ndugu Kisarawe, Chanika au Mbagala ya ndani anaweza kuletewa kiroba. Uponde, uchekeche, uchanganye na majivu yaliyochekechwa na pumba za mpunga, uukande kwa maji machache mpaka ushikamane, kisha uuache umefunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu. Lowesha matofali kabla ya kupaka. Paka tabaka nene la vidole viwili ndani ya shimo, likitanuka kidogo kuelekea juu.

Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika, na ndipo wengi wanapoharibu. Udongo ule ukauke kivulini, si juani, kwa wiki moja au mbili. Nyufa nyembamba zikitokea, zisugue kwa kidole kilicholowa. Moto wa kwanza uwe wa vifuu viwili vitatu tu, wa pili uongezeke kidogo, na chungu cha maharage kingoje mpaka wa tatu.

Ukiwa umeinama hapo, rekebisha na mambo mawili ya kipimo. La kwanza ni kile kichujio cha chini kinachoshika mkaa na kudondosha majivu. Katika majiko mengi ya kujengewa kimekunjika au kimeoza, mtu akaweka nondo mbili, mkaa mdogo wote unadondoka haujaungua. Chukua kipimo uende Gerezani kwa mafundi chuma, wakukatie sahani ya chuma nene yenye matundu. La pili ni sufuria inavyokaa. Ikikaa moja kwa moja kwenye ukingo, inafunika moto na kuunyima pumzi. Ikinyanyuliwa juu sana, joto lote linakwenda kwa jirani. Vipande vitatu vya chuma vinavyoinua sufuria kwa upana wa kidole vinatosha. Mlango wa majivu nao uwe na kibati cha kufungua na kufunga. Ukiuacha wazi wakati wa kuwasha, kisha ukaufunga robo tatu chungu kikishachemka, kisado cha mkaa kitakwenda mbali kuliko ulivyozoea. Sijui marekebisho mengine yanayolipa haraka kama hayo.

Pengine jukwaa limekwisha kabisa, au wapangaji ni wengi na kila mmoja anataka jiko lake la kubeba. Basi waache majiko ya bati tupu. Jiko la bati tupu linapasha joto miguu ya mpishi na ukuta, na sufuria inapata masalio. Majiko yenye kigae cha udongo ndani yameenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, yalipotengenezwa Kenya kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wetu wameyajua siku nyingi. Hupunguza mkaa kwa robo hadi nusu, kutegemea mpishi na kigae. Ukinunua, usitazame rangi. Kigonge kigae kwa kucha: kilichochomwa vizuri hulia, kibichi hunyamaza. Tikisa jiko, kigae kisicheze. Pima pengo kati ya bati na kigae, lijazwe pande zote. Na kama una jiko la zamani ambalo bati lake ni zima, usilitupe. Fundi ataweka kigae kipya peke yake, akijaza pengo kwa saruji kidogo na majivu mengi, na utalipa sehemu ndogo ya bei ya jiko jipya.

Sasa gesi, kwa sababu najua ndiyo iliyo vichwani mwa watu. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Waliovuta moshi kwa niaba yetu ni mama zetu na dada zetu. Lakini mtungi kuingia kwenye banda lile lile la zamani kunataka banda libadilike. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi, inateremka na kutambaa sakafuni, inajaa shimoni, inangoja cheche. Kwa hiyo lile tundu la chini karibu na sakafu, ulilolifungua kwa ajili ya mkaa, ndilo litakalokuokoa ukihamia kwenye gesi. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtungi na mkaa uliowashwa havikai kibanda kimoja kwa wakati mmoja. Katika nyumba ya wapangaji sita hili lazima mkubaliane: wa gesi upande huu, wa mkaa upande ule, ukuta katikati.

Mtungi usimame wima, kwenye sakafu ngumu, pasipopigwa na jua. Jiko la plet mbili liwe juu kuliko mtungi, juu ya meza ya zege au chuma. Meza hiyo unaweza kuipata kwa kutumia jukwaa lenu la zamani: jaza mashimo kifusi, mwaga zege jembamba juu, weka marumaru zilizobaki kwenye ujenzi wa mtu. Wauzaji wa marumaru huwa na maboksi yasiyotimia ambayo hawana wa kumuuzia. Omba hayo, yachanganye, usione haya. Mpira wa gesi ununuliwe mpya, wenye tarehe, ufungwe kwa vibano pande zote mbili, na kila ukibadilisha mtungi upake povu la sabuni kwenye viungo. Povu likivimba, funga. Dai mtungi upimwe kwenye mzani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, ongeza kilo 6 au 15, hesabu ikae sawa. Weka ndoo ya mchanga mlangoni na uandike 114, namba ya zimamoto, ukutani kwa maandishi makubwa. Tangu moto wa Julai 10, 2021 uliounguza soko kuu, hakuna mtu wa Kariakoo anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Umeme ninautaja kwa ufupi, ingawa kwa chakula cha kuchemka muda mrefu una hesabu nzuri kuliko watu wanavyodhani. Jiko la presha la umeme linaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti. Kwa mteja wa kundi la kawaida, uniti moja pamoja na kodi imekuwa kwenye shilingi 350 na kidogo, kwa hiyo maharage hayo hayafiki shilingi 200. Vikwazo ni viwili. Nyumba yenye LUKU moja kwa wapangaji wote itazua ugomvi, basi wekeni mita ndogo ya kila chumba au mkubaliane kulipia kwa kila mpiko. Na nyaya za nyumba hizi ni za zamani: jiko hilo lichomekwe kwenye soketi ya ukutani iliyokaguliwa na fundi umeme, si kwenye ekstensheni iliyokwishabeba friji na pasi.

Rangi sasa inaruhusiwa. Masizi hayapakwi juu. Yatatokeza tena yakiwa madoa ya kahawia. Kwangua kwa brashi ya waya, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa mikono miwili au mitatu. Wengine hutia chumvi ili ishike zaidi. Kwa jiko la uani naipenda chokaa kuliko rangi ya kopo, kwa sababu inapumua, ni rahisi, na unaweza kuirudia kila mwaka bila kumwuliza mtu. Ukuta mweupe huzidisha mwanga wa balbu moja, na anayechambua mchele usiku ataona jiwe kabla halijafika kinywani. Nyuma ya moto tu, pale mafuta yanaporuka, weka marumaru zilizobaki.

Narudi kwa mwenye nyumba, kama nilivyoahidi. Nenda kwake na hesabu iliyoandikwa: bati, mbao, saruji, fundi. Mwambie, "Shikamoo mzee, jiko linavuja na moshi unajaa korido mpaka chumbani kwako. Tunataka kulitengeneza, tukatane kwenye kodi." Wengi hukubali nusu, na nusu si haba. Akikubali, aandike na kutia saini, hata kwenye karatasi ya daftari, mjumbe akiwa shahidi. Asipokubali, tumia pesa yako kwenye vile tu unavyoweza kuondoka navyo: jiko la kigae, sahani ya chuma, meza ya chuma, jiko la plet mbili. Bati na udongo gawaneni wapangaji. Kwa vitu vya dukani, nendeni pamoja: mwenye duka la jumla Kariakoo hatakupunguzia mpira mmoja wa gesi, lakini mipira sita ni biashara nyingine. Kodini guta moja lirudishe vyote kwa safari moja.

Kazi yenyewe ipangwe kuanzia mwezi wa sita, masika ikishaisha. Kusi inakausha udongo bila kuupasua, bati linaweza kukaa wazi usiku mmoja bila kuogopa mvua, na vuli itakapoanza mtakuwa mmeshapikia humo miezi mitatu na kujua ni bati gani bado linahitaji msumari.